BARIDI YABISI HAILETWI NA BARIDI

Asubuhi za mwezi wa tano na wa sita hapa Bukirasazi ni za baridi. Umande hulala juu ya meza za kuanikia kahawa, na akina mama wanaochambua kahawa hufika kazini wamejitanda vitenge viwili viwili. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba vidole vimekaza, sote tunalo jibu tayari: ni baridi. Hata jina la ugonjwa linatufundisha hivyo. Kwa Kiswahili tunauita baridi yabisi, na jina likishakaa mdomoni miaka mingi, hakuna tena anayeuliza kama ni la kweli.

Katika toleo hili tunapenda kueleza kwamba ugonjwa huo, hasa ule mkali unaovimbisha viungo vingi kwa pamoja, hauletwi na baridi. Wala hauletwi na uvivu. Tunaeleza kwa sababu tulipata somo kwa gharama ya mwenzetu.

Mwenzetu huyo, mama wa watoto wanne, alikuwa mchambuzi katika kituo kimoja cha kuosha kahawa. Alikuwa na mikono myepesi kuliko wengi wetu. Msimu mmoja vifundo vya vidole vyake vilianza kuvimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa. Alifika kazini saa moja kama wengine, lakini mpaka saa nne asubuhi hakuweza kufunga ngumi. Kufika adhuhuri mikono ilifunguka na kazi ikaenda. Msimamizi akasema: "Huyu ni mvivu wa asubuhi. Ingekuwa ni ugonjwa, mbona mchana anapona?" Alipokuja kwetu wajumbe wa wafanyakazi, tulimshauri anunue vidonge vya maumivu na avae soksi mikononi. Msimu uliofuata hakuandikwa tena, nasi hatukumtetea, maana hata sisi tulikuwa hatuna jibu la swali la msimamizi.

Jibu lilikuwapo. Leo tunaliandika.

KAZI YA FILIMBI

Mwizi akiingia usiku kwenye kilima chetu, mwenye nyumba hupiga filimbi. Jirani akisikia huamka, huchukua fimbo, naye hupiga filimbi yake ili wa mbali wasikie. Njia hufungwa, taa huwashwa, watu hujaa uani. Mwizi akishapatikana, filimbi hunyamaza na watu hurudi kulala.

Mwili hufanya hivyo hivyo. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe zinazolinda mwili. Chembe hizo hazina mdomo, kwa hiyo huitana kwa kutoa protini ndogo sana. Protini hiyo husafiri mpaka kwenye chembe nyingine na kushika mahali pake maalum, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Ufunguo ukishaingia, chembe iliyopokea hubadili kazi: inaamka, au inaongezeka, au inaanza kutoa protini zake yenyewe ili kuita wengine. Wataalamu huziita protini hizo saitokini. Sisi katika makala hii tutaziita wajumbe, kwa kuwa kazi yao ni kubeba habari.

Ukijikata kwa jembe, mahali pale huwa pekundu, pana joto, panavimba na panauma. Mambo hayo manne ni kazi ya majirani walioitwa. Bila wajumbe hao kidonda kidogo kingetuua. Basi tusidhani kwamba wajumbe ni wabaya. Ubaya huanza pale ambapo filimbi inapigwa na mwizi hayupo.

MAJIRANI WANAPOBOMOA NYUMBA

Katika ugonjwa huu mkali wa viungo, kinga ya mwili imekosea. Imeiona ngozi laini iliyo ndani ya kiungo kama kitu kigeni, na filimbi imeanza kulia. Chanzo cha kosa hilo si kimoja. Uko urithi wa ukoo, iko sigara, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa asikie maumivu zaidi, lakini haikuwasha moto huo.

Wako wajumbe wengi. Tutaje wanne ambao mfanyakazi anapaswa kuwajua.

Wa kwanza anaitwa TNF. Jina hilo alilipata mwaka 1975, watafiti wa New York walipoona kwamba kitu hicho kinaua uvimbe wa saratani katika panya. Ndani ya kiungo kazi yake ni nyingine. Hulainisha njia ili chembe nyeupe zitoke katika mishipa ya damu na kuingia kwenye kiungo, tena huamuru wajumbe wengine watolewe. Huyu ndiye anayepiga filimbi ya kwanza.

Wa pili ni intaleukini 1. Huyu huzihimiza chembe za ngozi ya kiungo kutoa vimeng'enya vinavyokula gegedu, yaani ule mfupa laini unaozuia mifupa isisagane.

Wa tatu ni intaleukini 6. Tumtazame vizuri, kwa kuwa huyu ndiye aliyemponza mwenzetu. Intaleukini 6 haibaki kwenye kiungo. Husafiri na damu mpaka kwenye ini, na huko huamuru mambo mawili. Kwanza, ini litoe protini za hatari, zile ambazo maabara huzipima ili kujua kama mwilini mna moto. Pili, ini litoe kitu kinachofungia madini ya chuma ghalani, damu isiyapate. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na huchoka hata kama amekula vizuri. Tena mjumbe huyu ana saa zake: katika ugonjwa huu huongezeka sana karibu na alfajiri na hupungua mchana. Basi mgonjwa huamka amekakamaa kama mti, na kufikia mchana viungo hulegea.

Ndugu msomaji, hilo ndilo jibu la swali la msimamizi. Mama yule hakuwa mvivu wa asubuhi. Asubuhi ndiyo saa ya ugonjwa wake.

Wa nne anaitwa RANKL. Huyu huziamsha chembe zinazokula mfupa. Kila mtu anazo chembe hizo, kwa sababu mfupa huliwa na kujengwa upya siku zote. Lakini zikiamshwa kupita kiasi, mfupa huliwa kuliko unavyojengwa. Mfupa ulioliwa haurudi kama ulivyokuwa. Vidole hupinda, na hubaki vimepinda hata uvimbe ukiisha.

Basi majirani wamejaa uani, mwizi hawamwoni, filimbi haikomi. Mwisho wanaanza kung'oa mlango na kubomoa ukuta wa nyumba waliyokuja kuilinda.

HOMA ZINAZOVUNJA VIUNGO

Wako watakaosema kwamba habari hizi ni za mbali. La, hasha. Afrika Mashariki imewajua wajumbe hawa kwa njia nyingine, yaani kwa homa za mbu. Mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, upande wa Newala, watu walipatwa na homa iliyowakunja kwa maumivu ya viungo. Wamakonde wakaiita chikungunya, kwa maana ya kujikunja, na leo dunia nzima hutumia neno hilo. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ikaja homa nyingine, ambayo Waacholi waliiita o'nyong'nyong kwa jinsi ilivyovunja viungo. Katika miaka michache ilienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na watu wapatao milioni mbili waliugua. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba karibu watu watatu katika kila wanne wa mji ule walikuwa wameambukizwa.

Katika homa hizo mwizi yupo kweli, ni virusi. Wataalamu walipopima damu ya wagonjwa wa chikungunya walimkuta intaleukini 6, mjumbe yule yule. Kwa walio wengi virusi huondoka, filimbi hunyamaza na viungo hupona. Kwa wengine maumivu hubaki miezi mingi, kwa kuwa wajumbe bado wanaitana ingawa virusi vimekwisha.

Wako pia wanaosema baridi yabisi hii kali ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2012 madaktari wa Kinshasa walitangaza matokeo ya kuchunguza watu 5,000 wa mji ule: kama watu sita katika kila 1,000 walikuwa nao. Mwaka 2009 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta huko Nairobi walieleza habari za wagonjwa wao 60. Kati yao 52 walikuwa wanawake, na wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 41. Wanachama wenzetu, huo si umri wa kukaa kibarazani. Ni umri wa kulima, kushona, kuandika, kuuguza wagonjwa na kuchambua kahawa.

FILIMBI ILIVYONYAMAZISHWA

Kwa muda mrefu madaktari waliona wajumbe wengi mno katika kiungo kilichovimba. Walijiuliza: ukimfunga mdomo mmoja, si wengine wataendelea kupiga kelele? Huko London walikuwako watafiti wawili, Marc Feldmann na Ravinder Maini. Wao na wenzao walichukua vipande vya ngozi ya viungo vya wagonjwa, wakavitunza maabarani, wakamzuia TNF peke yake. Mwaka 1989 walitangaza walichokiona: TNF akizuiwa, intaleukini 1 naye hupungua. Ikajulikana kwamba wajumbe wana mkuu wao.

Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa wa Hospitali ya Charing Cross, London, dawa inayomkamata TNF kabla hajafika kwenye kufuli lake. Wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa walipata nafuu kwa muda mfupi. Kutoka hapo zikaja dawa kama infliksimabu, etanersepti na adalimumabu. Huko Japani, Tadamitsu Kishimoto na wenzake wa Osaka walimfuata intaleukini 6, na mwaka 2008 nchi yao iliruhusu tosilizumabu kwa ugonjwa huu. Baadaye vikaja vidonge kama tofasitinibu, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2012. Vidonge hivyo humwacha mjumbe afike, lakini habari yake haisomwi ndani ya chembe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa za lazima. Maana yake, dunia imekubali kwamba dawa ya namna hiyo si anasa ya tajiri. Hata hivyo kuandikwa katika orodha ni jambo moja, na kufika mkononi mwa mfanyakazi wa kilimani ni jambo jingine. Bei bado ni kubwa kwa mshahara wetu.

Tena dawa hizo zina hatari ambayo sisi wa Afrika tunapaswa kuifahamu kuliko wengine. TNF ndiye anayesaidia kujenga ukuta unaofungia vijidudu vya kifua kikuu ndani ya mapafu. Ukimnyamazisha, ukuta unaweza kubomoka. Mwaka 2001 madaktari walitangaza wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu. Kwa hiyo mtu asikubali dawa ya aina hiyo bila kupimwa kifua kikuu kwanza.

DAWA ILIYO KARIBU NASI

Tusikate tamaa kwa sababu ya bei. Kabla ya dawa hizo za gharama, madaktari wa nchi zote, tajiri na maskini, huanza na methotreksati. Ni dawa ya zamani, ni vidonge, na bei yake haifanani na ya zile za sindano. Nayo imo katika orodha ya dawa za lazima. Hutuliza kinga ya mwili na kupunguza kelele za wajumbe. Lakini ina masharti, na sharti moja likivunjwa inaweza kuua:

1. Methotreksati kwa ugonjwa wa viungo humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Haimezwi kila siku. Chagua siku moja na uiandike ukutani.

2. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kubeba mimba, haruhusiwi kuitumia. Na amwambie daktari mapema.

3. Pombe na dawa hii vyote huelemea ini. Damu ipimwe kila daktari anapoagiza.

4. Daktari huongeza vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara. Mgonjwa asiviache.

5. Haifanyi kazi kwa siku mbili. Huchukua wiki sita mpaka kumi na mbili. Wengi huiacha katika wiki ya tatu na kusema haifai.

Na vile vidonge vya maumivu, ibuprofeni na diklofenaki? Hivyo hupunguza maumivu na uvimbe kwa saa chache. Wajumbe wanaokula mfupa huendelea na kazi yao. Ukivimeza miezi na miezi bila kuangaliwa, huharibu tumbo na figo. Prednisoloni na deksamethasoni hutuliza moto haraka, na daktari anaweza kuzitoa kwa muda. Lakini ukizitumia muda mrefu bila kipimo, huleta sukari, hulegeza mifupa na kufungua mlango kwa maambukizi. Tena aliyezizoea asiziache ghafla. Tujihadhari na dawa za sokoni zinazosifiwa kwamba humwinua kiwete kwa siku moja. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa deksamethasoni kwa siri.

TUTAJUAJE, NA TUFANYE NINI?

Si kila maumivu ya kiungo ni ugonjwa huu. Goti la mzee aliyebeba mizigo miaka 40 huuma kwa sababu gegedu limechakaa, na huuma zaidi jioni baada ya kazi. Jongo hushika ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kiungo kimoja kilichovimba kwa ghafla, chenye joto, pamoja na homa, huenda kina usaha ndani: huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto aliyeumwa koo kisha viungo vikavimba kimoja baada ya kingine naye asicheleweshwe, maana ugonjwa huo huingia moyoni.

Alama za ugonjwa tunaoueleza ni hizi: vifundo vya vidole na viganja huvimba pande zote mbili, asubuhi mwili hukakamaa kwa saa moja au zaidi, uchovu hauishi, na hali hiyo huendelea zaidi ya wiki sita. Mwenye alama hizo asingoje msimu uishe. Mfupa huanza kuliwa katika miezi ya kwanza, na methotreksati hufaa zaidi ikianza mapema. Aanze kituo cha afya, na aombe kupelekwa mbele. Sisi wa Bukirasazi tunayo hospitali ya Kibuye, kisha Gitega, na safari ikilazimu, Bujumbura. Mwenye mutualite au kadi ya matibabu aende nayo, na aulize waziwazi ni dawa zipi zinazolipiwa.

Kwa upande wa chama, tunawaagiza wajumbe wa wafanyakazi katika kila mahali pa kazi mambo manne:

Kwanza, mwanachama akisema mikono haifungi asubuhi, mwulizeni maswali hayo ya juu kabla ya kumshauri lolote. Msimpe ushauri wa soksi, kama tulivyofanya sisi.

Pili, mwandikieni mwajiri kuomba mgonjwa abadilishiwe zamu au kazi wakati dawa inaanza kufanya kazi. Saa mbili za asubuhi katika kuandika hesabu au kupokea magunia kwenye mizani zinaweza kumhifadhi mchambuzi hodari kwa miaka mingi.

Tatu, ombeni cheti cha daktari kinachoeleza ukakamavu wa asubuhi. Msimamizi hawezi kubishana na karatasi kama anavyobishana na mtu.

Nne, katika mazungumzo na waajiri na mutualite, tudai kwamba methotreksati na vipimo vyake vya damu viwe katika matibabu yanayolipiwa. Hatudai muujiza. Tunadai kidonge cha mara moja kwa wiki.

Mwenzetu yule alipata daktari miaka miwili baada ya kuachishwa kazi. Siku hizi humeza dawa yake kila Jumapili akitoka kanisani, na uvimbe umetulia. Huamka na kufunga kanga yake mwenyewe. Lakini vidole vinne vimepinda na havitanyooka, na kahawa hawezi kuichambua tena. Tulipokwenda kumwomba radhi alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mwambieni na mwingine, kabla mikono yake haijawa kama hii."

Ndugu Wafanyakazi, ndivyo tulivyofanya leo. Nawe ukimaliza kusoma, mpe ukurasa huu aliye karibu nawe kwenye meza ya kazi. Mfanyakazi mgonjwa si mfanyakazi mvivu.